Rafiki wa Fundi Cherehani

Mimi maongezi ya watu hayanihusu hata kidogo. Ila macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alimnong'oneza muuguzi aliyekutana naye humo humo basini: "Dada, nina rafiki, kibali chake cha ukaazi kimekwisha. Aende uhamiaji leo?" Rafiki huyo alikuwa akitokwa jasho shingoni mbele yangu.

"Enzi za rais aliyepita angelipa faini akarudi kwake. Huyu wa sasa, watu wake wanakukamatia dirishani."

"Yule naye alimfukuza shemeji yangu, kibali kikiwa mkononi."

"Basi akae nyumbani."

"Mbona unataka akae? Umetumwa na nani?"

Basi likasimama mbele ya uhamiaji. Fundi akanyanyuka nusu. Bibi aliyekaa kando yangu akamwambia, "Huyu kijana wa waya masikioni anawasikiliza. Waya wenyewe haujachomekwa popote."

Fundi akanitazama, akaketi tena.