Matawi ya Mteremko wa Nanguruwe

Benchi la kwa Moto lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nyuma ya soko la Chikongola, na wa ncha moja akiinuka bila kuaga, wa ncha ya pili hushuka na kikombe chake. Moto mwenyewe, aliyezaliwa akaitwa Omari, aliuza kahawa pale tangu kabla ya uhuru, na mkaa wake ukishika, mdomo wake nao hushika. Ilikuwa alasiri ya mwezi wa kumi na moja, mwaka wa sabini na tatu, malori ya korosho yakipita kwenda bandarini na kuwagawia watu vumbi vikombeni. Kesho yake asubuhi mkaguzi wa magari angefika kutoka Lindi kuwauliza maswali wanaotaka leseni, na atakayeshindwa kujibu angemngoja miezi mitano mingine. Mmoja wao alikuwa Athumani, utingo kwa miaka kumi na mmoja sasa, aliyekaa ncha ya benchi na kitabu cha sheria za barabarani mapajani, akijuta kukifungua mbele ya watu wale.

— Soma swali, alisema Hakimu.

Hakimu ni Bakari. Aliwahi kuwa tarishi wa mahakama kwa miezi saba, akafukuzwa, na tangu hapo hukumu hazijamwisha.

— Taa ya njano barabarani ina maana gani? Athumani akasoma.

— Ina maana uko Dar es Salaam, alisema Moto.

— Ina maana taa imechoka, alisema Kilomita. Nyekundu ikikaa sana inafifia.

— Ina maana jiandae kusimama, Athumani alisema.

— Kama umeshajua unatuuliza sisi ya nini?

— Ninyi ndio mmesema nisome.

— Ntwara hii hata taa ya kijani hatuna, alisema Kilomita. Akikuuliza ya njano, nwambie atuletee kwanza tuione.

Kilomita ni mzee Erasto, aliyelima barabara za mkoa ule kwa jembe na karai mpaka mgongo ukamkatalia. Kila kitu alikipima kwa hatua zake, hata umbali wa kwenda msalani.

Siku nyingine Athumani angecheka nao. Siku hiyo hakuweza. Bega lake la kushoto lilivunjika mwezi wa nane, katika ajali ya mteremko wa Nanguruwe iliyomuua dereva wake, Mohamedi, na halikupona likawa bega. Halibebi gunia, na utingo asiyebeba gunia ni abiria asiye na tiketi. Kazi iliyobaki ni usukani. Chama cha ushirika kilikuwa na lori lisilo na dereva, na katibu alikubali kumngojea Athumani mpaka kesho, tena kwa sababu Mwanakombo, mjane wa Mohamedi, alikwenda mwenyewe kumwombea. Hata kitabu kile kilikuwa cha Mohamedi, na alama za dole gumba lake la grisi zilikuwa bado pembeni mwa kurasa. Mwanakombo alipomkabidhi alisema, "Soma wewe, asife mwingine."

— Lingine, alisema Hakimu.

Athumani alifunua ukurasa, akaona swali lililofuata, akataka kuuruka. Hakimu alikuwa ameshachungulia.

— Hilo hapo. Gari likiharibika barabarani, dereva afanye nini kuwaonya wenzake?

— Jibu liko ukurasa wa nyuma, na ukurasa umechanwa, Athumani alisema. Mohamedi alisokotea tumbaku.

— Hilo nalo linahitaji kitabu? alisema Kilomita. Unakata matawi, unayalaza barabarani, mbele na nyuma. Hatua thelathini kutoka kwenye gari. Hatua za ntu mzima, siyo za Hakimu.

— Pameandikwa wapi thelathini?

— Pameandikwa miguuni mwangu.

— Sikiliza sheria, alisema Hakimu. Ukishalaza matawi, kile kipande cha barabara ni mali yako. Hata bwana mkubwa wa mkoa akija, anakupigia hodi.

— Mpaka lini?

— Mpaka majani yakauke. Yakikauka kinarudi serikalini.

— Na nyie hamjui kuyasoma, alisema Moto, akipuliza mkaa. Ncha ya tawi ikikutazama, simama. Kikonyo kikikutazama, pita. Madereva wa zamani walikuwa wanasomeana barua nzima kwa matawi. Huyu kaishiwa maji, huyu kapasua tairi, huyu kamkimbia mkewe.

— Ya mkewe wanaiwekaje?

— Tawi la mpapai.

Kilomita alitikisa kichwa kwa huruma.

— Mti wenyewe ndio mambo yote. Mkorosho hauna nguvu. Mwembe una nguvu. Kitangari niliona lori limefika kwenye matawi ya mwembe likasimama lenyewe. Dereva kalala, anakoroma, breki zimejishika.

— Aliamka akasemaje?

— Alishukuru mti.

Wakacheka kidogo, halafu Moto akauliza, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa kawaida yake:

— Sasa Mohamedi mbona hakusimama?

Kicheko kikaisha. Athumani alitazama kitabu ingawa hakuwa anasoma.

— Breki, alisema Kilomita.

— Breki zake alizifunga mwenyewe juzi yake. Siyo breki, alisema Hakimu, akasogea mbele. Mimi nitawaambia, ila yaishie hapa. Wareno.

— Wareno wamefikaje Nanguruwe? Moto aliuliza.

— Wana watu wao. Wanavuka Ruvuma na ngalawa, wanapanga matawi barabarani usiku. Ukiwa chini unaona matawi. Ukiwa juu kwenye ndege unaona mshale. Mohamedi alishtukia, ndiyo maana hakusimama.

— Na lile lori bovu aliloligonga baada ya kona?

— La kwao.

— Lilikuwa limebeba chumvi ya Msimbati, Hakimu. Dereva wake tunamjua.

— Ndivyo wanavyojificha.

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na watu mjini pale waliokimbia ndege za Wareno na watoto migongoni, na jambo lile halikuwa la kuchezea hata kwa Hakimu.

— Athumani ulikuwa naye ndani, alisema Moto. Matawi yalikuwepo au hayakuwepo?

— Nilikuwa nimesinzia, Athumani alisema.

Hivyo ndivyo alivyowaambia polisi, akamwambia Mwanakombo, akawaambia waliokuja msibani. Alikuwa amelisema mara nyingi mpaka lilitoka lenyewe.

Wakati huo mwanamke mmoja mgeni alikuwa ameshafika, amesimama pembeni na debe la mkaa kichwani, akingoja wanaume wamalize. Moto alimsaidia kulitua.

— Huyu ni Joana, ndiye ananiletea mkaa siku hizi, Moto alisema. Kwao ng'ambo ya Ruvuma, lakini sasa wamewekwa kwenye kile kijiji kipya cha barabarani, pale pale mteremko wa Nanguruwe.

Joana alipiga goti kidogo kuwasalimu. Alikuwa na chale mbili za duara shavuni. Athumani aliziona, akazitambua, akainamia kitabu.

— Shikamooni, baba zangu. Nasikia mnasema habari ya matawi. Nami naomba kuuliza.

— Uliza, mama, alisema Hakimu. Umefika penyewe.

— Gari ikishapona, ikaenda zake. Hii matawi nani anaitoa?

Hakimu alifungua mdomo. Akaufunga. Kilomita alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha. Moto alitazama barabarani kana kwamba jibu lingepita na lori.

— Miaka yote ile kwenye barabara, Kilomita alisema hatimaye, mimi nilikuwa nayakuta. Makavu. Kila baada ya kona.

— Na unafanyaje? Joana aliuliza.

— Nayazunguka. Siyo yangu.

— Nauliza kwa sababu ya kuni, alisema Joana. Pale tulipowekwa kuni iko mbali. Mwezi wa nane lori iliharibika hapo kwetu, ikapona, ikaondoka. Watoto wakakimbia kuokota matawi. Utingo alikuwa juu ya magunia, akatupigia kelele. Akasema hiyo alama ya serikali, atakayegusa atafungwa. Sisi wageni, tunaogopa. Watoto walishabeba. Nikawapiga, nikairudisha barabarani yote, tawi moja moja. Siku ya tatu ndiyo mtu akafa pale. Kwa hiyo nauliza, ile tungeokota ilikuwa kosa?

Athumani aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyokumbuka arusi yake. Tairi lilikuwa limepasuka, yeye ndiye aliyekata matawi, na walipomaliza alipanda juu ya magunia akajisikia mkubwa. Kuwafokea wale wageni hakukuwa na sababu yoyote ila kwamba alikuwa juu na wao walikuwa chini. Alijionea aibu iliyomjaa mpaka masikioni.

— Haikuwa kosa, alisema.

Joana aligeuka akamtazama.

— Sauti yako naijua, alisema.

— Ndiyo. Yule utingo ni mimi.

— Athumani, alisema Moto.

— Na sikuwa nimesinzia.

Lori la korosho lilipita, vumbi likaja, na hakuna aliyefunika kikombe.

— Ilikuwa asubuhi, kuna manyunyu, ndiyo maana nilikaa ndani naye, alisema. Mohamedi aliyaona matawi kabla yangu. Akatoa mguu kwenye mafuta. Akaniuliza, matawi hayo ya nani? Nikamwambia hayo ni yetu, ya juzi, nimeyakata mwenyewe, kanyaga twende. Akakanyaga.

— Na lile lori la chumvi? Kilomita aliuliza.

— Lilikufa baada ya kona usiku ule. Dereva wake alishuka na panga akate matawi, akakuta yako tayari barabarani. Akarudi kulala. Aliniambia mwenyewe hospitalini, akilia, akidhani kosa ni lake.

— Na wewe ukamwambiaje?

— Nilimwambia nilikuwa nimesinzia.

Hakimu, aliyekuwa na hukumu ya kila jambo mjini, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Moto aliliinua dele lake la kahawa, akalitikisa karibu na sikio, akalirudisha juu ya mkaa ingawa halikuwa na kitu.

— Niliirudisha vizuri tu, alisema Joana polepole. Kama ulivyoipanga wewe.

Athumani alifunga kitabu.

— Unakwenda wapi? Hakimu aliuliza. Zimebaki kurasa kumi.

— Kwa Mwanakombo.

— Kumwambia?

— Kumrudishia kitabu. Na kumwambia.

— Ngoja, mwanangu, alisema Kilomita, na safari hii alisema kwa upole. Ngoja kesho ipite. Jibu maswali, pata leseni, chukua lori. Utanwambia mwezi ujao, umeshakaa vizuri. Ukienda leo, kesho asubuhi mama huyo atakuwa kwa katibu.

Athumani alijua kuwa mzee amesema kweli. Mwanakombo akisikia, lori litapata mwingine, na bega lile halina kazi nyingine duniani. Ushauri ulikuwa mzuri, na aliuogopa kwa sababu ulifanana na ule aliompa Mohamedi: pita tu, hapo mbele pako wazi.

— Mimi sijajibiwa, alisema Joana. Watoto wataniuliza. Tuokote au tusiokote?

— Okoteni, mama. Gari likishaondoka, okoteni yote.

— Nani kasema?

Athumani aliwaza, akaona hakuna aliyesema, wala kwenye kitabu wala kwenye benchi.

— Mimi, alisema.

Akainuka, kitabu mkononi, akasahau kuaga. Ubao ulishuka upande wa Kilomita, na kahawa yake ya mwisho ikamwagika mapajani. Mzee alikishika kikombe kitupu akamtazama Athumani akishika njia ya kwa Mwanakombo, na kwa mara ya kwanza hakuzihesabu hatua.