Picha ya Kifua cha Randa

Benchi la kijiweni liliegemea ukuta wa saluni ya kinyozi, pale jua la asubuhi lilipopiga dirishani. Siku hiyo seremala waliyemwita Randa alikuja na bahasha yenye picha ya kifua chake. Mchana alitakiwa akalazwe, apasuliwe. Alitamani mtu mmoja tu amwambie asiende. Wenzake wakamsogezea kahawa. Wembe, kinyozi mwenyewe, akaichomoa picha na kuiegesha kwenye kioo cha dirisha.

— Hili dude la katikati ndilo lenyewe?

— Ndilo. Daktari anasema nimezaliwa nalo. Nikiwa bado tumboni mwa mama, vijinyama fulani vilipotea njia, vikaota kifuani. Ndani huenda mna nywele. Hata jino.

— Jino? Kaka, nimenyoa vichwa vya kila aina, lakini nywele za ndani ya kifua!

— Huyo ni pacha wako, — akadakia Redio, ambaye habari haijawahi kumpita. — Ulimmeza. Ulikuwa mlafi tangu huko.

— Toka hapa!

— Na kama ana jino, basi anakula. Ndiyo maana hunenepi.

Randa akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

— Hebu ngojeni, — Wembe akasema. — Mbona moyo uko kulia? Moyo si hukaa kushoto?

— Ala! — Redio akaruka. — Basi picha si yake!

— Na jina langu hilo pembeni?

— Jina huandikwa na mtu, na mtu hukosea. Kuna mwenzio huko ana jino kifuani, anajiona mzima.

Randa alijua picha ya kifua humtazama mtu uso kwa uso, kulia kwako ni kushoto kwake. Daktari alimwonyesha kwa kidole. Akanywa kahawa tu. Ilikuwa tamu.

Mama yake akatokea na mfuko wa nguo.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Twende, mwanangu.

— Haendi, mama! — akasema Redio. — Picha si yake, wamechanganya.

Mama akaitazama picha kwa muda mrefu. Tangu daktari alipotaja mimba ya Randa, alikuwa akijiuliza alikosea wapi, ingawa aliambiwa hakukosea popote.

— Afadhali basi, — akasema taratibu. — Sasa niambieni, wanangu. Huyu anayekohoa usiku chumbani kwake, mpaka analala ameketi, ni nani?

Wembe akaiondoa picha dirishani. Redio akageuza kikombe mkononi.

Randa akasimama, akampokea mama mfuko.