Bi. Avelina Theodory, Mpiga Ngoma wa Wagonjwa wa Izia (1952–2024)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutushika mkono, mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Chala, Nkasi, tarehe 14 Machi 1952. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Theodory Kasmir, mkulima wa ulezi, na Bi. Cornelia. Alibatizwa parokiani hapo hapo Chala kabla hajafikisha mwezi.

Bi. Cornelia alikuwa mpiga ngoma za tiba. Mtu akipatwa na ugonjwa wa kunyamaza, wa kukataa chakula na kukaa akitazama ukuta, mganga aliitwa, na mganga hakuja bila yeye. Avelina alizisikia ngoma hizo akiwa mgongoni mwa mama yake, na alipokua kidogo akapewa manyanga atikise. Funzo la kwanza alilopewa alilirudia maisha yake yote: "Usimtazame mganga. Tazama mabega ya mgonjwa, ndiyo yatakayokuambia upige vipi."

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1961 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1964. Aliadhibiwa mara nyingi kwa kugonga dawati wakati wa somo. Mwishowe mwalimu alichoka, akamkabidhi ngoma ya gwaride, akamwambia, "Haya, gonga hii. Dawati ni mali ya misheni."

Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Mzee Modesti Raymond, mwanakwaya, wakahamia Izia, hapa Sumbawanga. Mzee Modesti hakuzipenda ngoma zile, na alisema wazi kwamba hakuoa ili agawane mke na waganga. Siku moja ya mvua mama aliitwa kwa mgonjwa, na ngozi ya ngoma ilikuwa imelegea kwa unyevu. Alihangaika na moto mpaka macho yakajaa moshi. Mzee Modesti akatoka ndani na mabua makavu, akauwasha mwenyewe. "Mama Redempta," akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "kama ni lazima uende, basi nenda na ngoma inayolia." Toka hapo hadi alipofariki mwaka 2015, kupasha ngoma ilikuwa kazi yake, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Mama alilima mahindi na ulezi, na mazao hayo ndiyo yaliyotulea sisi wanawe. Lakini wengi wenu mnamkumbuka kwa ngoma, na kwa jambo lililotokea Agosti 2008.

Pembezoni mwa Izia alikuwa amehamia Shija, mfugaji, pamoja na mkewe Salome. Salome alifiwa na mtoto wake wa kwanza, akanyamaza kabisa, akaacha kula. Shija alimleta mganga mgeni, na mama akaombwa apige. Ilikuwa mchana, uwanja umejaa watu. Ngoma ilipopamba moto mganga akaacha kumshughulikia mgonjwa, akaanza kuwazunguka waliokaa, kisha akasimama mbele ya Bi. Coleta, mjane mzee asiye na mtoto, akamnyooshea usinga. "Huyu ndiye aliyemla mtoto."

Watu wakainuka. Shija alikuwa na fimbo mkononi.

Mama akaondoa mikono kwenye ngoma. Walioshuhudia wanasema ukimya ule uliwashtua kuliko maneno ya mganga.

"Piga, mama!" mganga akafoka. "Usikate kazi!"

"Nimeitwa kumpigia mgonjwa," mama akajibu. "Wewe umemwacha mgonjwa umekwenda kwa jirani. Huko ngoma yangu haiendi."

Akasimama, akapita katikati ya watu, akamshika Bi. Coleta mkono. "Inuka, mama, twende nyumbani." Shija aliwazibia njia. Mama akamwambia taratibu, "Mwanangu, mtoto wako amefariki. Ukimpiga huyu, utakuwa na misiba miwili, na mkeo bado hajala." Shija akateremsha fimbo. Wanawake hao wawili wakaondoka. Bi. Coleta aliishi nasi mpaka alipofariki kwa uzee.

Kesho yake mama alirudi kwa Salome, bila mganga. Alipiga polepole, akitazama mabega yake, hadi jua lilipoanza kushuka. Salome akalia kwa sauti, akalitaja jina la mtoto wake, kisha akaomba uji. Baada ya hapo mama alimsindikiza hospitali, maana mwili ulikuwa umeishiwa nguvu.

Waganga wengi waliacha kumwita. Jambo hilo lilimuuma, kwani kuna miezi ngoma ilikaa bila kuguswa. Ndipo akakusanya wanawake wachache, Salome akiwemo, wakawa wanawapigia wagonjwa bila ramli na bila kumtaja mtu.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani. Alitibiwa hapa Sumbawanga, tukamuuguza nyumbani, na tarehe 2 Juni 2024 akaaga dunia, rozari ikiwa mkononi, binti yake Redempta akiwa kando yake. Siku chache kabla, Salome alimuuliza kama waje na ngoma siku ya maziko.

Mama akatikisa kichwa. "Ile ni ya wagonjwa, Salome. Siku hiyo mimi nitakuwa nimeshapona. Ninyi imbeni tu."

Kwa hiyo leo ngoma imebaki nyumbani, nasi tutaimba.

Ameacha watoto watatu, Redempta, Yusto na Victor, mdogo wake, Mzee Cleophas, wajukuu tisa, na kikundi chake cha ngoma, ambacho sasa kinaongozwa na Salome. Mungu aliyempa mikono ile aipokee, naye apumzike kwa amani.