Mzee Nathan Lokiru Lomenen na Vyumba Kumi na Viwili vya Dada Yake

Mchungaji, chifu, wazee wetu, majirani, wapangaji, na ninyi mliotoka Lokiriama na Lodwar kuja kulia nasi hapa Kakuma: ejok, hamjambo. Mimi ni Atabo, mtoto wa kwanza wa marehemu. Wasifu uliochapwa kwenye programu mliyoshika ni ule uliopitishwa na kamati siku ya Jumatano. Hauna kosa hata moja la tarehe. Lakini mimi nitasoma huu niliouandika kwa mkono, kwa sababu ule umeruka jambo moja, na jambo hilo ndilo lililomfanya dada yake wa pekee, shangazi Nakaale, afike jana kutoka Ujerumani bila kumsalimu mtu yeyote wa nyumba hii. Kuna watu hapa wanaoamini kwamba marehemu alikula nyumba za dada yake. Siwezi kumfunika mchanga akiwa na jina hilo.

Marehemu alizaliwa Lokiriama mwaka 1966. Kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, kama vya wazee wengi wa rika lake, lakini nyanya alituambia alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa Lokiru. Kwa hiyo tuseme Aprili. Kati ya watoto wa Mzee Lomenen, waliofika utu uzima walikuwa watatu: yeye, baba mdogo Nangiro, na kitinda mimba wao Nakaale, aliyezaliwa mwaka 1975. Marehemu alichunga mbuzi mpaka akafika miaka kumi na miwili.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1978, akiwa mrefu kuliko mwalimu wake, na mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza nchini kufanya mtihani wa darasa la nane. Alipita, ila karo ya sekondari haikupatikana. Akaenda Lodwar kujifunza uashi kwa miaka miwili. Mwalimu wake aliwahi kutusimulia kwamba siku ya kupewa pimamaji, marehemu aliishika, akaigeuza, akairudisha. Akachukua kikombe cha maji, akamwaga sakafuni, akachuchumaa kutazama yanakoelekea. Akasema, “Sakafu imelala huku.” Walipoipima kwa chombo ilikuwa hivyohivyo.

Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa, alikuja Kakuma kutafuta kazi na hakuondoka tena. Amejenga madarasa, vyoo, maduka na nusu ya kuta mnazoziona mkitembea mjini. Mwaka 1999 alipewa kiwanja hiki tulichokalia, kwa barua yenye jina lake. Ni barua moja, kiwanja kimoja, na nyumba yetu ya kuishi iko ndani yake. Naomba mlikumbuke hilo, maana mbele litatusumbua.

Alimwoa mama yetu, Jerusha, kwa mila mwaka 1992, wakabariki ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1998. Mungu aliwapa watoto wanne. Hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani. Akikasirika alikuwa akitoka nje kupanga mawe, na sisi tulijua hasira imeisha akirudi kuomba chai.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Shangazi Nakaale alikwenda Ujerumani mwaka 2009, na mpaka leo anatunza wazee katika mji wa Kassel. Alitaka kununua kanyumba huko akapangishe, ili uzee usimkute mikono mitupu. Benki zikamwambia alete kwanza akiba ambayo hakuwa nayo. Akageuza macho nyumbani. Mwaka 2020 alinunua kiwanja Lodwar kupitia dalali, kwa picha za simu na ramani, akachukua mkopo mdogo wa kujengea vyumba kumi na viwili vya kupangisha. Akaenda ubalozini Berlin, akaandika barua ya kumpa kaka yake mamlaka ya kujenga kwenye kiwanja hicho, kwa namba yake. Hicho tu, si kingine.

Septemba mwaka huo marehemu alikwenda Lodwar kukiona. Kilikuwa tambarare, mchanga safi, barabara hapo karibu. Akakizunguka mara mbili. Kisha akainua macho kwenye mgunga uliokuwa pembeni, na juu ya kichwa chake, kwenye matawi, akaona mafungu ya nyasi kavu na kipande cha gunia. Aliyechunga mbuzi haulizi ni nani aliyepandisha nyasi mtini: ni laga, ule mto mkavu unaojaa ghafla. Akampigia dada yake simu akiwa amesimama palepale.

“Nakaale, hii kiwanja iko ndani ya laga. Siku moja maji itarudi kwa njia yake.”

“Lokiru, mvua ya Lodwar unaijua wewe mwenyewe. Mimi niko na ramani ya muhuri. Nalipa benki kila mwezi. Jenga.”

“Hiyo ramani imechorwa na mtu amekaa kwa kiti.”

“Jenga, ama nitafute mtu mwingine.”

Marehemu akajibu, “Sawa.” Na hapo ndipo alipokosea. Alijua akikataa atatafutwa fundi mwingine, naye atajenga, kwa sababu fundi hula kazi ya leo. Alijua pia akisema ukweli atasimamishwa. Basi akanyamaza. Machi 2021 yeye na fundi Mou walichimba msingi, si Lodwar, bali hapa, kwenye kiwanja chake mwenyewe, kwa fedha ya dada yake. Januari 2022 vyumba vikapata wapangaji, walimu na wafanyabiashara, na kila mwezi kodi ilikwenda Kassel yote. Mama alimwuliza, “Utamwambia lini?” Akasema, “Laga ndiyo itamwambia.”

Miaka mitatu aliishi na uongo huo, na hakuwa na kipaji nao hata kidogo. Shangazi akitaka kuona nyumba kwa video, alikuwa akimwonyesha mlango, dirisha, bawaba, mpaka msumari. Siku moja akamwambia, “Geuza simu nione barabara.” Marehemu aliigeuza simu usoni mwake, akafunga macho, akaanza kumwombea. Aliombea kazi yake, afya yake, baridi ya Ulaya, hata wazee anaowaogesha, mpaka bando ikakatika. Tulicheka siku hiyo, sisi wa nyumbani. Leo hainichekeshi sana.

Tarehe 28 Aprili 2024, saa nane mchana, laga ilishuka. Kuta za majirani wa kile kiwanja zilikwenda zote. Watu walikuwa sokoni, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Shangazi aliona picha akiwa kazini, akapiga simu analia. Marehemu akamwambia, “Usilie. Nyumba yako haijaguswa. Iko huku Kakuma, kwangu.” Alitarajia kushukuriwa. Nilikuwa nimekaa karibu, na nilisikia sauti yake kwenye ile simu:

“Miaka mitatu, Lokiru. Miaka mitatu unanionyesha nyumba iko kwako.”

Nataka kusema wazi kwamba shangazi alikuwa na haki ya kukasirika. Huko anakoishi, mwenye nyumba ya kupangisha nchi nyingine huitangaza kwa ofisi ya kodi. Alikuwa ameandika namba ya kiwanja cha Lodwar mwaka baada ya mwaka, akatia sahihi. Ikambidi awaandikie wageni wa lugha nyingine kuwaeleza kwamba nyumba aliyoapa iko hapa kumbe iko pale, kwenye ardhi isiyo na jina lake. Alikaa miezi mitano akingoja barua ya kumwambia kama wanamwona mwizi. Aliyemweka hapo ni kaka yake aliyempenda, na kupenda hakukumpunguzia hofu.

Barua hiyo ilipofika, mwanzoni mwa mwaka huu, alidai kitu kimoja: kiwanja kiandikwe jina lake. Marehemu alikubali siku hiyohiyo. Chifu akataka sahihi tatu za familia, ya mke, ya ndugu na ya mtoto wa kwanza. Mama aliweka kidole gumba bila kuuliza. Baba mdogo Nangiro alisema, “Ardhi ya Lomenen haiendi Ujerumani,” akakaa wiki mbili na hasira zake, halafu tarehe 3 Machi mwaka huu akatia sahihi kwa kumhurumia ndugu yake mgonjwa. Ikabaki moja. Mwezi ukapita, ukapita mwingine. Shangazi akipiga simu, marehemu alikuwa akimjibu, “Karatasi inashughulikiwa.” Mara ya mwisho shangazi alimwambia, “Sema tu unataka kula nyumba yangu,” akakata. Hawakuzungumza tena.

Aliyekataa kutia sahihi ni mimi.

Baba aliniomba mara tatu. Nilimwuliza, “Tukitoa hii barua, mama atalala wapi?” Akasema, “Kwa dada yangu.” Nikamwambia, “Dada yako hapokei hata simu yako.” Hakunilazimisha. Na hakumwambia shangazi hata siku moja kwamba ni mimi. Aliubeba ule wizi peke yake kwa sababu nilikuwa mtoto wake, na mimi, mwalimu mzima ninayefundisha watoto wa watu kusema ukweli, nilimwacha aubebe.

Ugonjwa wake ulikuwa uvimbe wa maji kwenye ini, ule tunaoupata kutokana na mbwa wetu. Alipasuliwa mwaka 2008 akapona, ukarudi mwaka jana. Alilazwa Lodwar tarehe 22 Septemba. Madaktari na wauguzi walifanya waliloweza. Siku mbili kabla ya mwisho alituita mimi na mama, akasema kwa sauti ndogo, “Msinizike kwa kiwanja. Kaburi yangu itakuwa hati yenu.” Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa tano asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Maneno hayo tuliyasikia wawili. Mama alikuwa ndani na kilio chake. Mimi nilikuwa kwenye kikao Jumatatu, kamati ilipoamua kaburi lichimbwe hapa uani, pembeni ya chumba namba moja. Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Nani atakuja kudai ardhi yenye kaburi la mwenyewe katikati? Hata mahakama huogopa kaburi. Niliulizwa kama nina neno. Nikasema sina.

Jana jioni, Qamar, mpangaji wa chumba namba nne mwenye duka la vitambaa, alinivuta kando. Akaniambia, “Atabo, shangazi yako amekuja kwa mimi. Ameuliza, mzee alikuwa nakula kodi? Mimi nimeapa kwa Mungu, hapana, hata shilingi, yeye natuma mbele ya macho yangu. Halafu ameona ile shimo. Ameniuliza, na hii ni ya nini? Mimi nimesema jibu iko kwa Atabo. Wewe iko nayo?”

Nilikwenda kulitazama lile shimo. Baba alikuwa akiitetea haki ya dada yake hata pumzi ilipomwishia, na sisi tulikuwa tunamtumia yeye mwenyewe, mwili wake, kumnyang'anya. Sijawahi kujionea aibu namna ile.

Baba mdogo, najua hapa utasimama. Naomba ukae, nimebakisha kidogo.

Leo saa moja asubuhi nilikwenda kwa chifu nikatia sahihi. Nimerudi, na mimi na mama na fundi Mou tumelifukia shimo lile. Mchungaji ametupa nafasi kwenye makaburi ya kanisa, na vijana wamemaliza kuchimba. Tutatoka hapa na jeneza kupitia lango kuu, tutembee pamoja.

Marehemu ameacha mjane, Jerusha, ambaye tangu tulipomaliza kufukia shimo amenishika mkono. Ameacha watoto wanne: mimi, Ekai, Losike na Lomenen mdogo, na wajukuu watatu. Ameacha ndugu yake Nangiro, aliyenikasirikia leo na nitamwomba radhi, ila si kwa hili. Ameacha mafundi wengi aliowafundisha kumwaga maji kabla ya kupanga jiwe. Na ameacha dada yake, Nakaale, mwenye kiwanja hiki na vyumba vyake vyote kumi na viwili.

Shangazi, sahihi zimetimia. Nyumba ya mama nayo sasa iko kwenye ardhi yako, na sikuombi kitu juu yake mbele ya watu. Ukitutoa, utatutoa ukijua ukweli. Ila mwangalie kaka yako kabla hatujafunga jeneza, umwache apumzike. Hana cha mtu.