Nusu ya Mbuzi na Milango Mitatu ya Dada Yetu

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na majirani, poleni na msiba, mimi ni mdogo wake marehemu, mwenye bucha, na familia imenipa kazi hii ya kusoma kwa sababu sauti yangu inafika barabarani bila spika, na pia kwa sababu wengine wote wanalia.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1968, wa kwanza kwa mama, mimi nikafuata miaka mitatu baadaye nikiwa mzito kuliko alivyokuwa yeye, na hilo mama alilisema mpaka anaingia kaburini. Januari 1976 alianza darasa la kwanza, na alipofika la tatu, kwa kuwa macho yake hayakufika ubaoni na alikuwa ananakili hesabu za jirani pamoja na makosa yake, mwalimu wa hesabu alimzaba kofi lililopasua ngoma ya sikio la kushoto, damu ikachuruzika hadi kwenye kola, na sikio hilo halikusikia tena. Fimbo ya mwalimu huyohuyo iliponifikia mimi nikiwa darasa la nne, nilimng'ata kidole gumba mpaka nikauonja mfupa, nikafukuzwa, ndipo nikaingia kwenye nyama, ambako hadi leo hajatokea wa kunishinda.

Yeye hakung'ata mtu, alisoma. Alihitimu ualimu Novemba 1989, akaomba apangiwe shule ileile, ambako yule aliyemzaba kofi alikuja kuwa mwalimu mkuu, na kila somo akalipanga kwa milango mitatu, wa macho, wa masikio na wa mikono, ili mtoto akikuta mmoja umefungwa aingilie mwingine, hivyo hesabu zake hazikukaa ubaoni tu, zilikuwa kwenye kamba, kwenye kokoto, kwenye makofi ya kupiga mdundo, na mtoto asiyetulia hakuchapwa, alipewa kazi ya kuzunguka akigawa vifaa.

Tarehe 6 Agosti 1994 aliolewa na fundi saa, shemeji yangu huyu, ambaye siku ya posa nilimweleza kwamba najua kila kiungo kinapoachia, akacheka, lakini hajawahi kumwinulia dada mkono, wakajaliwa mabinti wawili.

Ugonjwa wake ulianza asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 1998, na mimi nilikuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba watoto watano wa darasa la dada, akiwemo asiyesikia, tuliyemwita Kimya, na binti mmoja asiyeona, wataondolewa kabla ya mtihani wasije wakaiaibisha shule, isipokuwa wakimthibitishia mkaguzi siku hiyo kwamba wanajua hesabu za sehemu. Dada akaniagiza nusu ya mbuzi. Nikaja nayo, na gogo, na shoka, tukakomea mlango mbwa wasiingie, nikawa napasua, binti anapapasa, Kimya anatazama, wengine wanapayuka robo, thumuni, na katika utamu wa somo hakuna aliyekumbuka kwamba sakafu ile imeinama, damu ikapita chini ya mlango ikaenda kuwapokea mwalimu mkuu na mkaguzi.

Mwalimu mkuu alisikia shoka, akasikia watoto wanapiga kelele, akaona damu, akajua tunachinja wanafunzi. Akaita walinzi, wakautwanga mlango kwa benchi, ukang'oka na fremu yake ukamwangukia dada aliyekuwa anakwenda kuufungua, paja likavunjika, na mimi mfupa naujua kwa mlio, ule ulikuwa mkubwa. Niliuinua mlango kwa bega, mkono wa kushoto una shoka, wa kulia ukamtundika mwalimu mkuu ukutani, viatu vinaelea, waliokuwepo wanajua, wasiokuwepo waamini tu, na nilikwishachagua pa kuanzia kukata.

Dada, akiwa sakafuni, akasema kwa sauti yake ya darasani: "Mdogo wangu, mshushe baba wa watu. Somo halijaisha." Nikamshusha, naye dada akamuuliza Kimya, kwa mdomo na kwa vidole, nusu ya nusu ni nini.

Kimya alinipokonya shoka, akapasua nusu ya nyama iliyobaki juu ya gogo kwa pigo moja, akambebesha mwalimu mkuu kipande kifuani, shati jeupe likawa kama langu, akaonyesha kidole kimoja, halafu vinne. Binti asiyeona akakipapasa kipande akamwambia mkaguzi kwamba hiyo ni robo ya nyama yote iliyoletwa, ila imekatwa kombo kidogo. Mkaguzi alitapika kwanza, kisha akaamuru wote watano wabaki, na wote watano walifanya mtihani.

Mfupa ule haukuunga vizuri, dada alichechemea akifundisha mpaka mwaka jana ulipotunga usaha, Machi mwaka huu mguu ukakatwa, baada ya yeye kumlazimisha daktari amweleze kwa maneno, kwa mchoro, na kwa mfupa wa mbuzi niliompelekea mwenyewe, lakini sumu ilikwishapanda kwenye damu, akatutoka tarehe 11 mwezi huu, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, walimu wenzake, na hata mwalimu mkuu mstaafu, ambaye namwona amekaa pale karibu na mlango, namwomba asiuguse.

Jeneza hili amelichonga Kimya, fundi seremala, ambaye sasa amesimama kando yangu akiyasema haya kwa mikono, na juu ya kifuniko amechonga jina la dada kwa nukta, kwa wanaosoma kwa vidole, basi wasioona sogeeni mguse, wasiosikia mtazameni Kimya, waliobaki nisikilizeni mimi: dada, wote tumeingia, sasa somo limeisha, pumzika kwa amani.