Bwana Kipengele na Maumivu Aliyoyaficha

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi kwenye kampuni ya bima miaka ishirini na miwili. Miaka ishirini na miwili, meza ileile, ghorofa ya tatu, kitengo cha madai. Wenzake walimwita Bwana Kipengele.

Lilikuwa jina la utani, lakini lilimkaa. Jalada la marehemu likifika mezani, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tarehe. Alianza kuumwa lini? Alikata bima lini? Ikionekana ugonjwa ulitangulia bima, familia haipati kitu. Kipengele cha mkataba ndivyo kinavyosema. Barua za kuwakatalia wajane aliziandika yeye. Wengine walikuja nazo mkononi, wakakaa kwenye kiti kilichokuwa mbele ya meza yake. Siku hizo hakugusa chakula.

Mwaka jana kampuni ilibadilisha bima ya maisha ya wafanyakazi wake, ikaanza mpya. Kumbe kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana mwezi mmoja nyuma. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

Mkewe ametusimulia: "Nikimwambia twende hospitali, ananishika mkono. 'Mama watoto, daktari akiandika tu, mmekwisha. Wataangalia tarehe.' Nikamwambia, baba, mimi nakutaka wewe, hizo karatasi nitazila?"

Basi akawa anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kikohozi kikimbana, anaingia bafuni, anafungulia bomba ili watoto wasisikie. Mama wa watu akawa anaogopa sauti ya maji. Akiisikia tu, anasimama mlangoni akihesabu mpaka bomba lifungwe. Kazini, Bwana Kipengele alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, akijifanya anasoma simu. Hospitali aliikimbia miezi tisa. Miezi tisa, wasikilizaji. Na alimwambia mkewe kwamba wale wajane wanamjia kichwani mchana kweupe, ila sasa aliyekaa kwenye kile kiti ni yeye, mama watoto.

Jumatatu moja asubuhi akaanguka kwenye ngazi za ofisi. Hakuamka. Daktari alisema ugonjwa ule una dawa. Angewahi, angepona.

Jalada lake likapelekwa kwa dada aliyekuwa akifanya naye kazi chumba kimoja. "Nililifungua," anasema dada huyo. "Nikakitafuta kile kipengele alichokiogopa. Nikasoma mkataba mara tatu. Hakimo. Bima ya wafanyakazi haiulizi mtu alianza kuumwa lini. Nakala ya mkataba huo niliikuta kwenye droo yake, ndani ya bahasha. Bahasha hakuwahi kuifungua."

Mama watoto, na ninyi wanawe watatu, poleni sana. Mungu awape nguvu. Tunalia pamoja nanyi.

Na wewe unayetusikiliza huku umeshika ubavu, ukisema utakwenda wiki ijayo, mwambie mtu wa nyumbani kwako leo. Mimi mwenyewe nina miadi ya daktari niliyoiahirisha mara mbili, kwa woga tu. Nikitoka hapa studio, nakwenda.