Euphrasie Nabintu, Aliyengojea Maji Yapoe

Dada yetu Euphrasie Nabintu alizaliwa Nyalukemba tarehe 14 Machi 1979, binti wa Papa Aloys Cirhuza na Maman Eulalie. Alisoma hapa Bukavu, kisha akasomea elektromekaniki Lubumbashi, msichana peke yake darasani. Watu walimsema sana. Yeye aliwaacha waseme.

Aliporudi alitengeneza mitambo ya baridi ya kuhifadhi samaki, hadi mwaka 2021 hospitali ilipomwita apime maji ya kupoza mashine mpya ya kutibu kansa. Ni mashine ndogo inayosukuma chembe kwa kasi kubwa ili kutoa mionzi, nayo hupata joto kali. Maji yasipozunguka vizuri inajizima, au inaungua kabisa. Euphrasie alisoma vipimo vyote, halafu bado aligusa bomba kwa mkono.

Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na Gracien Mugisho. Siku hiyo gari la maharusi lilichemka kwenye mpando wa Nguba, na dereva akataka kufungua rejeta. Bibi harusi alishuka na shela yake: “Papa, acha kwanza. Itakuchoma.” Padri alingojea, sisi wote tukangojea, na Gracien jasho lilimlowesha hadi kola.

Februari 2024 alipatikana na kansa ya shingo ya kizazi. Kumpeleka nje hatukuweza. Angekuwa mgonjwa wa kwanza wa mashine ile, maana ilikuwa bado haijaanza kutibu. Ilibaki yeye mwenyewe asaini kwamba iko tayari. Lakini kila walipoijaribu siku nzima, jioni maji yalipanda joto. Gracien alimwomba kwa machozi.

“Saini tu, Mama Glody. Uanze matibabu.”

“Papa Glody, pompe ya kusukuma maji iko inachoka. Mashine ikiungua, nani atatibiwa? Tungojee ingine.”

Pompe waliingojea. Ugonjwa haukungojea. Ilituuma, na bado inatuuma.

Pompe mpya ilipofungwa kwenye mashine, Hugues, mwenzake wa kazi, alimpigia Euphrasie simu kitandani.

“Umegusa bomba?”

“Nimegusa, maman. Tangu asubuhi iko baridi.”

“Basi nileteeni karatasi.”

Alisaini tarehe 3 Oktoba. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake, watoto wake Glody na Charlène, na mama yake mzazi. Jana Maman Rosette wa Luvungi, aliyekuwa wa pili kwenye orodha, alitibiwa katika nafasi yake. Mashine haikuzima. Gracien alikwenda mwenyewe kugusa bomba.

Iko baridi, dada. Sasa pumzika kwa amani.